Panda Baiskeli, Mdogo Wangu, Lakini Nisikilize Kwanza

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo nina neno nanyi juu ya baiskeli, na najua wengine mshaanza kuguna: dada naye kakosa la kusema! Sijakosa. Maswali mnayoniletea siku hizi yanafanana. Mmoja anaona haya kuonekana juu ya baiskeli, mwingine dera lake limemezwa na mnyororo mbele ya kadamnasi, wa tatu anataka kuiuza ya kwake ili aingie mkataba wa pikipiki. Na kila mmoja anadhani yamemfika peke yake. Hayajakufika peke yako, mwanakwetu. Mji mzima una visa hivyo hivyo, ila watu wanavificha.

Nasema zaidi na wa Tanga, maana ndiko kwetu, lakini wa Morogoro na Shinyanga mtajiona humu humu. Mji wetu ni tambarare, toka Raskazone mpaka Mikanjuni hukutani na mlima wa kukutoa roho. Zile barabara za Ngamiani zilizopewa namba zimenyooka hata mgeni hapotei. Simama saa moja asubuhi karibu na soko la Mgandini uone: mzee wa kanzu na kofia anakwenda zake taratibu, mama kajaza mchicha kwenye kikapu cha mbele, muuza samaki anatoka Deep Sea na beseni limefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu kwenye keria. Mgeni akishuka tu kwenye basi hayo ndiyo anayoyaona. Sisi wenyewe ndio hatuyaoni tena, tumeyazoea mpaka tunayadharau.

Kijana mmoja kanieleza kwamba kapata kazi ya ofisini, Chumbageni, na anakaa Makorora. Baiskeli anayo, nzima kabisa. Kaiegesha chumbani kaifunika shuka, kila siku anapanda bodaboda kwa sababu “wenzangu watanionaje”. Nimecheka kidogo, mdogo wangu, usinune, halafu nikakuhurumia. Hebu tupige hesabu. Ukitoa 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku sita za wiki ni 12,000. Wiki nne ni 48,000. Na wewe mwenyewe umeniambia kwamba tarehe 20 ikifika unakopa ya vocha. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hiyo hiyo hukitoboa. Huyo unayemwonea haya pale kwenye mataa, jina lako halijui, na akifika kwake anawaza kodi ya nyumba yake, hana nafasi ya kukuwaza wewe.

Jasho nalo usilifanye kisingizio. Joto la kaskazi nalijua, Januari hapa mtu anatoka jasho amekaa. Lakini mwendo wa kawaida tu, kilomita 12 kwa saa, unazimaliza kilomita 4 kwa dakika 20 bila kuhema. Tatizo lenu mnatoka nyumbani mmechelewa, mnakwenda mbio kama mnaokimbiza treni, halafu lawama inabebeshwa baiskeli. Toka mapema. Shati la kazi litie kwenye begi, vaa fulana njiani, ukifika jifute, vaa shati. Kuna wakubwa wenye vyeo wanafanya hivyo na hawatangazi. Pandisha na kiti kidogo: ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini, mguu uwe umenyooka. Wengi mnaendesha magoti yakigonga kifua, mnachoka bure, halafu mnasema baiskeli inaumiza.

Nyie wasichana nanyi, njooni hapa karibu. Kuna maneno ya zamani kwamba msichana akipanda baiskeli “ataharibika”. Wanaoyasema ukiwabana kuharibika kwenyewe ni kupi, wanainamisha macho halafu wanataja bikira. Muulize mkunga yeyote aliyesoma atakwambia: maumbile ya wasichana hayafanani, na hakuna anayeweza kumtazama binti pale akajua alifanya nini na nani. Tabia haikai kwenye kiti cha baiskeli. Msichana anayetembea kwa miguu saa nzima kwenda shule, akipita vichochoroni na kusimamishwa na kila mwenye pikipiki anayemwahidi lifti, yuko hatarini kuliko yule aliyepanda chombo chake akapita. Mama zenu wanalijua hilo. Kaeni nao jioni muwaeleze kwa adabu, bila kuwafokea, maana hofu yao ni ya mapenzi.

Lakini nguo, jamani. Hapa sitanii. Dera, buibui, kanga, na ile mitandio mirefu ya siku hizi, vyote vinapenda mnyororo. Pindo likiingia kati ya mnyororo na lile duara la meno, ukikanyaga mara moja tu limemezwa, ukikanyaga mara ya pili umefungwa wewe na baiskeli pamoja. Na kosa tunalofanya sote ni kuvuta kwa hasira kwa kuwa watu wanatazama. Usivute. Simama, shuka upande ulioshikwa, inama, zungusha pedali kinyumenyume kwa mkono, taratibu, nguo itatoka kwa njia ile ile iliyoingilia. Doa la mafuta ukifika nyumbani lisugue kwa sabuni ya vyombo kabla hujalitia maji. Waliocheka waache wacheke, dakika tatu nyingi, watakuwa wamepata kingine cha kuchekea.

Bora zaidi ni kuzuia. Tafuta baiskeli ya kike, ile isiyo na bomba la juu, yenye kava ya mnyororo iliyofunika vizuri. Zile baiskeli za Phoenix za kizamani zilikuja na kava hizo, mafundi wengi wanazing'oa eti zinapiga kelele. Mwambie fundi aikaze, asiing'oe. Pindo la dera likusanye ulifunge kwa mpira wa nywele upande wa mguu wa kulia, ndani vaa suruali au taiti, na mtandio uzungushe shingoni mara moja kisha ncha zake zichomeke kifuani, zisipepee nyuma. Mtandio ukinaswa na gurudumu unavuta shingo. Tena ule mkoba mnaoning'iniza kwenye usukani, uondoeni leo. Ukiingia kwenye spoku za mbele gurudumu linasimama papo hapo, na wewe unaendelea na safari bila baiskeli.

Sasa wanaotaka kununua. Najua utamu wa bei ya chini, lakini cha bure kina gharama zake. Baiskeli za mtumba zinazoshushwa kutoka nje zipo nzuri, na zipo zilizopakwa rangi juu ya kutu. Usiende kununua peke yako jioni jioni. Nenda mchana, na mtu anayejua. Inyanyue, zungusha gurudumu uangalie kwenye raba za breki kama linayumba kushoto na kulia. Shika mkono wa pedali uutikise kwa nguvu, ukisikia kag-kag pale unapoungana na fremu, gololi zimeisha. Bana breki ya mbele uisukume baiskeli mbele na nyuma, usukani usicheze. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini ya usukani, ukikuta uvimbe wa kuchomelea, muage muuzaji kwa heshima uende zako. Fremu iliyokatika ikachomelewa siku moja itakukatikia barabarani.

Kisha igeuze juu chini. Kwa baiskeli nyingi, chini kabisa pale pedali zinapoungana, kuna namba imegongwa kwenye chuma. Namba hiyo iandike kwenye karatasi ya mauziano pamoja na jina la muuzaji, sahihi yake na ya shahidi. Ikiwa imesagwa kwa tupa, jiulize nani aliisaga na kwa nini. Vijana wangapi wamekamatwa na mali ya wizi waliyoinunua kwa nia safi, wakalala mahabusu wakilia kwamba hawakujua? Karatasi ile unaiona haina maana mpaka siku polisi wanakuuliza. Na hata ukiibiwa wewe, “ilikuwa nyeusi, ina kengele” haitamsaidia mtu kuitafuta. Namba itasaidia.

Ukishainunua, itunze. Sisi wa pwani tuna adui wa pekee, chumvi. Upepo wa bahari unakula chuma hata kama baiskeli imelala ndani. Mnyororo ufute kwa kitambaa kikavu, tia mafuta ya cherehani tone kwa tone huku ukizungusha pedali, halafu futa tena yanayobaki nje. Wengine mnatia oili chafu iliyomwagwa gereji, inakamata mchanga wa Sahare wote, mnyororo unasagika kwa ndani. Mwingine katia mafuta ya kupikia, akaniuliza kwa nini yameganda. Mdogo wangu, ulitaka uukaange?

Raba za breki zikiisha, chuma kinaanza kula rimu, na rimu bei yake ni mara nyingi ya raba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo hiyo. Upepo nao usiujaribu kwa macho. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, lisibonyee kwa urahisi. Kipimo chake kimeandikwa ubavuni mwa tairi, mwonyeshe fundi mwenye pampu ya kipimo. Tairi legevu ndilo linalokula tyubu kwenye kila shimo, halafu unasema umerogwa na pancha. Na fundi wako mheshimu, mwamkie, mlipe papo hapo. Yule aliyekaa chini ya mwarobaini na beseni la maji la kutafutia tobo ndiye atakayekuzibia saa moja kasoro usiku wakati wenzake wameshafunga, kama hukumkimbia na deni lake.

Kuna jambo moja linaniuma nilisemapo. Watoto. Tunampakia mtoto kwenye keria, miguu inaning'inia, tunamwambia “shika dada, tanua miguu”. Mtoto anatanua mwanzo wa safari. Baada ya muda anachoka au anasinzia, kisigino kinaingia kwenye spoku huku wewe unakanyaga pedali ukiwaza mambo yako. Unachosikia kwanza ni baiskeli kuwa nzito, halafu kile kilio. Ngozi ya kisigino inachunwa yote, pengine na mfupa umepasuka, na jeraha la pale haliponi upesi. Mzazi wake anakaa miezi akijilaumu. Hilo linazuilika kwa vitu vidogo sana: kiti cha mtoto chenye pa kuwekea miguu na mkanda, au wavu mgumu uliofungwa pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na viatu vilivyofunika kisigino. Kama huna hivyo, shuka ukokote, mtoto atembee pembeni yako. Kuchelewa si kufa.

Mizigo nayo ina akili yake. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, ukilifunga upande mmoja baiskeli inakuvuta kama imelewa. Funga mawili, moja kila upande, au lilaze moja katikati juu ya keria. Mzigo ukae chini na ukae nyuma, usibebe ndizi mbele mpaka huoni njia. Na ujue kwamba baiskeli yenye mzigo haisimami mahali unapotaka, inasimama inapotaka yenyewe. Bana breki mapema, ya nyuma kwanza.

Halafu barabarani. Wapo waliofundishwa, sijui na nani, kwamba waendeshe upande wa kulia ili wayaone magari yanayowajia. Hiyo ni ya waenda kwa miguu. Wewe juu ya baiskeli ni chombo, unakaa kushoto kama vyombo vingine, kwa kuwa mwenye bajaji anayetoka kwenye mtaa anaangalia kule yanakotoka magari, hatarajii mtu aje kinyume. Ukifika njia ya Pongwe, kule kwenye malori ya saruji, usijibane ubavuni mwa lori linalotaka kukata kona kushoto. Dereva aliyekaa juu kule hakuoni hata kidogo. Mwache apite, unakimbilia wapi? Masika yakija, dimbwi usiloliona chini yake lizunguke: maji usiyoyafika hujui wingi wake, na makalavati yetu mengine yalishaibiwa mifuniko.

Usiku bila taa mimi sitaki kusikia. Unatoka kwenye futari au kwenye harusi, umevaa buibui jeusi, baiskeli nyeusi, barabara haina taa, halafu unamshangaa mwenye pikipiki aliyekupamia. Ulitaka akuone kwa macho gani? Dinamo ikiwa mbovu, funga taa ya betri mbele na kioo chekundu cha kung'aa nyuma, hata kile cha bei ndogo. Vaa kitu cheupe juu. Na zile spika za masikioni zitoe, honi utaisikiaje? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini nyie nawaambia, na nitawaambia tena mwezi ujao.

Baada ya kuwatisha hivyo, sasa niwatamanishe. Msipande kila siku peke yenu tu. Kama mnavyoamka Jumapili alfajiri kwenda jogging na fulana za rangi moja, undeni na kundi la baiskeli. Dar es Salaam kuna Umoja wa Wapanda Baiskeli, UWABA, wanaodai njia salama kwa wapanda baiskeli, na hawakuanza na mabilionea. Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 3 Juni kuwa siku ya baiskeli duniani, mwaka 2018, basi hata kisingizio cha kuanzia mnacho. Na Septemba 2025 Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, kwenye vilima vyao vile vya kupandisha roho. Sisi tulio tambarare tunashindwa kufika Amboni?

Ila kundi lina adabu zake. Mkutane uwanja wa Tangamano au popote penye nafasi, mapema kabla ya jua. Safari ya kwanza iwe fupi, Raskazone na kurudi, msianze na mapango ya Amboni, maana kuna watu hawajapanda toka waolewe. Mbele akae anayejua njia, nyuma kabisa akae mwenye subira, kazi yake moja tu, kuhakikisha hakuna anayebaki nyuma yake. Njia kuu mwende mstari mmoja, hadithi mtapiga mkifika. Mmoja wenu abebe pampu, viraka, gundi na spana. Asiyejua kuziba pancha afundishwe hapo hapo kando ya njia, asionewe.

Ninalowaomba sana ni hili: aliye dhaifu ndiye apange mwendo. Nimeona makundi yakifa kwa sababu ya vijana wawili wanaotaka kushindana, wanamwacha mama wa watu njia panda analia. Anarudi nyumbani, baiskeli inafungiwa stoo, na hasemi kwa nini. Jambo jingine ni fedha. Mchango wa kwanza msiukimbize kwenye fulana. Nunueni taa za wasio nazo, mlipeni fundi siku moja akague baiskeli zenu zote, fundisheni mabinti wa mtaani kupanda jioni uwanjani wasipoangaliwa na kila mtu. Mwekeni mtu mmoja wa kuandika fedha na mwingine wa kuzishika, asiwe mmoja. Urafiki wa miaka umevunjika kwa elfu ishirini, nyie wenyewe mnajua kwenye vikoba.

Namalizia na wewe wa mkataba wa pikipiki, sijakusahau. Siwadharau bodaboda, wameoa na kujenga kwa kazi hiyo. Nakuuliza tu: mkataba umeusoma au umesomewa? Ukiugua wiki mbili, hesabu ya mwenye pikipiki inasimama au inaendelea? Ukishindwa kumaliza, ulichokwisha kulipa kinarudi? Petroli, matairi na matengenezo ni juu ya nani? Kama majibu huna, usitie sahihi. Na hata ukitia, baiskeli usiuze. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga wa pwani walisema wakijua watu wa namna yako na yangu. Pikipiki ikirudi kwa mwenyewe, baiskeli itakupeleka kutafuta kazi nyingine, na haitakuuliza petroli.

Yule mke aliyeniuliza afanyeje, mumewe hataki apande, swali lako nimelipata, shoga. Lina mengi ndani yake yasiyohusu baiskeli, tutalizungumza wiki ijayo kwa nafasi. Wengine wote, kabla ya Jumamosi mpelekeeni fundi baiskeli abane breki, na mnunue taa.